Bi Sabra na Sindano ya Mwanawe

Watu wa Nyamisati hawakuwahi kuafikiana Feisal ni daktari wa nini hasa. Wapo waliosema wa vichaa, wapo waliosema wa kupooza. Mama mmoja muuza kamba wabichi pale gatini alishikilia kwamba ni daktari wa kucheza, maana alimwona kwa macho yake, kwenye kliniki ya Kibiti, amemsimamisha mzee wa watu katikati ya chumba, anamwambia nyoosha mikono, gonganisha kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, haya tembea mpaka ukutani, geuka, rudi. Na yeye daktari ameshika kidevu, anatazama tu, kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi.

"Sindano hakumpiga, kidonge hakumpa," alisema yule mama. "Sasa huo ni udaktari au ukungwi?"

Watu walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Bi Sabra, mama yake Feisal, aliyekuwa amekuja gatini kununua kamba. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamjibu mwenzake kwa upole:

"Mwanangu ni bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, bibi. Mwili ukifanya usichoutuma, au ukiutuma usifanye, ndiyo kazi yake hiyo. Kama mumeo anavyotumwa dukani. Mlete tu, atamtazama."

Hapo bega lake la kushoto likaruka lenyewe. Bi Sabra hakubabaika. Alilimalizia safari: akainua mkono, akavuta kanga kichwani, akaitengeneza vizuri, kana kwamba ndicho alichokusudia tangu mwanzo. Ufundi huo alikuwa ameuzoea. Kidole kikiruka, anafukuza nzi. Kichwa kikitupwa upande, anaitikia salamu ya mtu aliyepita mbali. Mguu ukirushwa, anapiga kelele "Ish!" na kufukuza kuku, na kuku wa Bi Sabra walikuwa wameshachoka kufukuzwa, wengine hata hawakuwepo.

Alijua ni nini. Kwao, kisiwani, ng'ambo ya mikoko, ukoo wake ulikuwa na jambo ambalo watu waliliita ngoma bila ngoma. Mtu anakua vizuri, anaoa, anazaa, kisha akifika utu uzima mwili unaanza kuchezacheza. Anatembea kama mlevi na pombe hajaionja. Maneno yanateleza mdomoni. Anakuwa mkali bila sababu. Baada ya hapo kitanda, na baada ya kitanda, kaburi. Waganga waliitwa, mbuzi walichinjwa, ngoma za pepo zikapigwa mpaka majirani wakahama. Pepo hakutoka. Kaka yake, Hashimu, aliyehamia Nyamisati akawa mkata mikoko hodari kuliko wote, aliangusha shoka mara moja, akaliangusha tena, mwisho akaangusha na kijiko.

Feisal, wakati huo mwanafunzi wa madrasa, ndiye aliyekuwa akimpelekea mjomba wake uji na kumshikia kikombe. Siku moja alirudi akasema, "Mama, mjomba hana pepo. Akilala anatulia kabisa. Pepo gani analala saa moja na mwenye mwili?"

Bi Sabra alimfinya sikio kwa kuongea vibaya juu ya mambo ya watu wazima. Lakini lile swali lilimtoa mtoto Nyamisati likampeleka Dar es Salaam, likamvusha mpaka nchi za baridi, likamrudisha na mvi za mapema na jina refu la kazi. Wenzake waliosoma naye walifungua hospitali zenye vigae vya kung'aa mjini. Yeye alichagua magonjwa ya mwili kuchezacheza na yale yanayokwenda kwa ukoo, akawa anashuka Kibiti kila mwezi kwa kliniki, na kliniki ikiisha anapanda boti kwenda visiwani na sanduku lake la barafu lenye vichupa vya damu. Watu walimwonea huruma. Walidhani anauza aiskrimu.

Siku ya kuchora ukoo, Feisal alikuja na karatasi pana kama mkeka wa kuswalia, akaitandaza uani kwa mama yake, akaibana pembeni kwa mawe. Wazee wa ukoo wa Bi Sabra walikuwa wamevuka kutoka kisiwani asubuhi. Alikuwepo pia Bi Mwanaharusi, dada wa marehemu mume wake. Ukoo huo si wake, ila pilau ilikuwa ikipikwa.

Mwanamume alichorewa mraba, mwanamke duara. Aliyeugua ngoma bila ngoma alipakwa weusi. Karatasi ikawa inajaa, na weusi ukawa unashuka kutoka juu kama maji yanayovuja kwenye makuti.

"Na Sabra?" Feisal alimuuliza Mzee Abdulkarimu, binamu wa mama yake, ingawa mama mwenyewe yuko palepale anachambua mchele. Kazi ndivyo inavyotaka, uliza hata unachokijua.

"Sabra ana wewe."

"Peke yangu?"

"Alitangulia mmoja, akafa hajapewa jina. Ukabaki wewe."

Wazee wote wakaitika kwa vichwa. Feisal akachora duara la mama yake, akateremsha mstari, akachora mraba mdogo, akajiandika humo. Bi Sabra aliutazama ule mstari na ungo wa mchele ukamcheza mapajani.

Hakuna mzee aliyesema uongo pale. Kwa watu hawa, mtoto akishanyonya ziwa lako ni wako. Watoto wako ni ndugu zake, hawezi kuwaoa, na sheria imesema hivyo kabla ya serikali na kabla ya hospitali. Kumwambia mtu kwamba huyu ni wa kunyonya tu ni kama kumvua mwenzako nguo sokoni. Hafanyi hivyo mtu aliyelelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Marehemu Nurdini, mume wa Bi Sabra, alikuwa na wake wawili. Mdogo aliitwa Waride, alitoka upande wa Kilwa. Wote wawili walichukua mimba msimu mmoja, na Nurdini akawa anatembea gatini kifua mbele kama aliyezibeba yeye. Bi Sabra alizaa kwanza, mtoto akafa. Waride akazaa mtoto wa kiume, akapatwa na homa, hakuitimiza arobaini yake. Bi Sabra alikuwa amelala chumbani, maziwa yamemjaa mpaka yanauma, hataki kula wala kusema na mtu, mlango ukafunguliwa akawekewa mtoto kifuani. Mtoto akalivamia ziwa bila hata salamu. Basi.

Nurdini na wazee wakakaa wakakubaliana: mtoto huyu asije akaambiwa kuwa hana mama. Wengi wao walikufa wakiwa wameitunza ahadi hiyo, na wafu hawana shida kutunza ahadi. Waliobaki walikuwa palepale uani, wanasubiri pilau.

"Mama, wewe peke yako bado hujatoa damu," Feisal alisema akikunja karatasi.

"Damu yangu naitumia, baba."

"Kidogo tu."

"Hata hicho kidogo nakitumia. Watu wazima hatuna akiba."

Watu wakacheka, naye akajinyanyua haraka kwenda kufukuza kuku.

Siku zilizofuata Yasmini alikuja kutoka Bungu kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Yasmini alikuwa mwalimu, binti wa watu wa biashara za duka, mchumba wa Feisal kwa muda mrefu kuliko watu wa Bungu walivyoona ni heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu wa penseli. Lini wataandika kwa wino?"

Yasmini hakucheka. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi bila kutazama, akaruka, akakaa kwenye mkeka. "Mama, amenirudishia maneno. Ameniambia nitafute mtu mwingine. Nikamuuliza nimekosa nini, akasema sijakosa. Nikamuuliza kuna mwanamke, akasema hakuna. Nikamwambia basi nitajie sababu, akaanza kunieleza habari za barabara."

"Barabara gani?"

"Ya Nyamisati. Ati wataiwekea lami."

Bi Sabra aliona jambo ni zito. Mwanaume anayejificha nyuma ya lami ana kitu. Akamwambia Yasmini anywe maji na aende nyumbani asimjibu Feisal neno, yeye atalishughulikia.

Feisal alipokuja, mama yake alimpikia wali wa nazi na kamba, akamwacha ashibe kwanza. Kisha akamkalia mbele.

"Yasmini ana nini?"

"Hana kitu."

"Basi wewe ndiye mwenye nacho. Nitolee."

Feisal alikuwa anamtazama mkono. "Mama, huo mkono."

"Nafukuza nzi."

"Nzi yuko wapi?"

"Ameshaondoka. Si nimemfukuza?"

"Mama." Alisema kwa sauti ambayo pengine aliitumia Kibiti, sauti ya taratibu isiyo na pa kukimbilia. "Nimekuwa nikikutazama tangu mwaka juzi. Unafukuza kuku ambao hawapo. Unaitikia watu ambao hawajakusalimu. Mjomba Hashimu alianza hivihivi, alikuwa anajikuna. Kazi yangu ni hiyo, mama. Ungetaka kunificha, ungenisomesha uhasibu."

Bi Sabra akacheka, kwa kuwa lilikuwa jibu la kinyumbani kabisa, na bega nalo likaruka likacheka naye.

Ndipo Feisal akamweleza kama alivyowaeleza wengine. Kwamba kila mtu amebeba maandishi mwilini, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Kwamba katika ukoo wao kuna mahali neno moja limerudiwarudiwa kupita kiasi, kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa, na ubongo unaosoma maneno hayo mwishowe unachoka. Kwamba mama ana nakala mbili, moja nzima, moja mbovu, na mtoto huchukua moja tu. Ipi, hajui mtu.

"Kwa hiyo nikioa nitazaa," alisema, "na nikizaa, nitakuwa namtazama mtoto kila akijikuna. Sitaki. Na Yasmini simtaki aje kunishikia kikombe."

"Si ujipime? Huwapimi watu wewe?"

"Huwa nawauliza kama wanataka. Nikijiuliza mimi, nasema mwezi ujao." Alivigonga vidole vyake, gumba na shahada, haraka haraka, akavitazama kama vya mtu mwingine. Bi Sabra akatambua kwamba amemwona akifanya vile mara nyingi, garini, kwenye mkeka, hata akisubiri chai, naye akidhani ni tabia ya wasomi.

Bi Sabra kwa miaka yote alikuwa na hofu yake mwenyewe, ya kipekee, ambayo hakumwambia mtu. Aliamini maziwa yamemaliza kazi yote. Yalimfanya Feisal kuwa mwanawe, yakamtia katika ukoo wake, na kama ukoo una ngoma yake, basi na hiyo amemnywesha. Aliuliza akitazama sahani:

"Na maziwa je?"

"Maziwa gani?"

"Ya ziwa. Mama mwenye ugonjwa huu akimnyonyesha mtoto wa mwenzake. Anampa?"

Feisal alidhani ni maswali ya majirani. "Hapana. Haupiti kwenye maziwa. Ni kwa kuzaliwa tu."

"Hata akinyonya miaka miwili?"

"Hata akinyonya mpaka aote ndevu. Maziwa ni chakula, mama. Kwenye vinasaba hayaongezi wala hayapunguzi. Si kitu."

"Si kitu?"

"Si kitu."

Mkono ukaruka, na safari hii Bi Sabra hakuutafutia nzi.

Kuanzia hapo hakukalika. Alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Aliteka maji, akayamwaga, akayateka. Alianza safari ya kwenda gatini akarudi njiani, akasahau alichorudia, akaondoka tena. Mwili wake ulikuwa na ngoma yake na moyo una yake, na hizo mbili hazikupatana hata mdundo. Mwisho akaenda kwa Bi Mwanaharusi, akamkuta anasuka ukili.

"Wifi, nimenyonyesha miaka miwili, na leo nimeambiwa si kitu."

"Nani mwenye mdomo huo?"

"Daktari mwenyewe."

Bi Mwanaharusi akaweka ukili chini. Akaelezwa yote. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa kulia kwa sababu kunamharibia wanja. "Basi mwambie," alisema. "Ana bahati, hana ugonjwa. Aoe."

"Nikimwambia, mimi nitakuwa nani?"

"Mjane wa kaka yangu mwenye mdomo mrefu. Kama siku zote."

"Sitanii, wifi."

"Najua hutanii. Ndiyo maana nakutania." Akamsogezea mkeka. "Unaogopa Waride, wewe. Mpaka leo."

Bi Sabra hakukataa. Alimzika mke mwenzake, akachukua mtoto wake, akachukua na usiku wake wa zamu, akaishi kwa raha. Akifungua mdomo, Waride atarudi nyumbani akiwa bado na ujana wake, bado na ngozi yake ile ya maji ya kunde, hajazeeka hata siku moja, wala hachezichezi bega.

"Atarudi," alisema, "na safari hii hata zamu hatutagawana. Atamchukua mzima."

"Na usipomwambia?"

Usipomwambia, Feisal ataendelea kugonga vidole vyake mpaka azeeke, bila mke, bila mtoto, akingojea kitu ambacho hakiji. Bi Sabra aliona picha hiyo hata akifumba macho. Akasimama, akakaa, akasimama. "Gari la Kibiti linaondoka saa ngapi Bungu?"

"Kunywa chai kwanza."

"Nikinywa chai sitakwenda."

Alimkuta Feisal kliniki, wagonjwa wamekwisha, anakula karanga juu ya meza. Hakukaa. Alijua akikaa ataanza utani.

"Feisal, mimi sikukuzaa. Alikuzaa Waride, mke mdogo wa baba yako, akafa wewe mchanga. Mimi nimekunyonyesha tu. Kwa hiyo huna ugonjwa. Nenda ukaoe."

Feisal alisimamisha karanga njiani. Kisha uso ukamlegea, akatabasamu kwa huzuni, akainuka akamshika mikono yote miwili.

"Mama, hii umezidisha."

"Nimezidisha nini?"

"Naelewa unataka nioe. Lakini mpaka ujitoe umama?"

"Mwana wewe, nakwambia kweli!"

"Ulinipigia simu nikiwa ughaibuni, ukaniambia umekata kauli."

"Nilisema nakaribia."

"Mama, mtu aliyekata kauli hapigi simu. Nikapanda ndege, nikakukuta harusini unacheza. Mwaka jana ukawaambia watu wa Bungu nina wake wawili Ulaya, ili wasinilazimishe mahari kubwa. Leo unaniletea mama mpya." Alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. "Nakushukuru. Kwa kweli nakushukuru. Lakini hapana."

Maisha yake yote Bi Sabra alikuwa amewadanganya watu wazima na watoto, maimamu na wenye maduka, kwa furaha yao na yake, na wote wakamwamini. Leo ameleta kitu kimoja cha kweli, amekibeba kutoka Nyamisati kama yai, na mwanawe anakicheka.

Akavuta kiti. Akakunja mkono wa baibui mpaka juu ya kiwiko, akauweka mkono mezani katikati ya maganda ya karanga. Mkono ukarukaruka kama samaki aliyetoka majini. Hakuuzuia wala hakuufunika.

"Chukua."

"Nini?"

"Damu. Si ulikuwa unaitaka? Chukua yangu, chukua na yako, kazilinganishe. Ulisema mtoto huchukua moja kwa mama, sivyo? Tafuta hiyo moja. Ukiipata, mimi muongo na usioe. Usipoipata, nimesema kweli."

Tabasamu la Feisal liliondoka. Mama yake aliyekataa sindano mbele ya ukoo mzima, aliyekimbilia kuku, anajua akipimwa ataandikiwa ule ugonjwa kwa jina lake. Mtu hafiki hapo kwa ajili ya mzaha.

"Mama," aliuliza polepole, "Waride ni nani?"

"Kwanza sindano."

Feisal hakumpiga yeye mwenyewe. Aliita mwenzake, Daktari Zuhra, kwa kuwa utaratibu haumruhusu mtu kumpima mamaye wala kujipima mwenyewe. Daktari Zuhra akawauliza kila mmoja peke yake kama anataka kweli kujua. Bi Sabra akamjibu kwamba hataki hata kidogo, ila achukue haraka kabla hajabadili mawazo. Daktari Zuhra akaweka bomba la sindano chini, akasema kwa jibu hilo hawezi. Ikabidi aulizwe upya, na akajibu upya, kwa adabu, bila utani, na hilo lilimuuma kuliko sindano.

Damu ilipelekwa mbali, na majibu yakachelewa. Feisal hakushuka Nyamisati wakati huo. Alipiga simu, akauliza hali, akauliza dawa, akakata. Neno mama alilisema, lakini Bi Sabra alilisikiliza kila mara kama mtu anayegonga chungu kuona kama kina ufa. Yasmini alikuja mara kwa mara, akasaidia kuchambua dagaa, hajui wanachongojea wote wawili. Bi Sabra akamwambia wanangojea lami.

Walipoitwa Kibiti, Feisal aliingia kwanza kwa Daktari Zuhra. Bi Sabra alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, miguu haimtulii, mwenzake wa pembeni akamwuliza kama amekanyaga siafu. Mlango ukafunguka. Feisal akatoka, akampita bila kumtazama, akaenda nje mpaka kwenye bomba la maji. Akafungua bomba, akalifunga, akalifungua.

Bi Sabra akaitwa.

"Bibi," Daktari Zuhra alisema akimkalia karibu, "ugonjwa unao."

"Nilijua. Bega liliniambia mapema. Na yeye?"

"Majibu yake ni yake, bibi. Atakuambia mwenyewe." Akaeleza dawa za kupunguza kuchezacheza, akaeleza kula vizuri, akaeleza kujihadhari na kuanguka. Kwa umri ule aliouanzia, alisema, ugonjwa mara nyingi hutembea polepole. Kisha akashika kalamu. "Nyumbani nani atakuwa anakuangalia?"

Bi Sabra akageuza uso dirishani. Kule nje bomba lilikuwa limefungwa, na mtu hayupo.

"Bado sijaambiwa," alisema.

"Andika mimi." Feisal alikuwa mlangoni, mikono inamchuruzika maji, shati limelowa kifuani. Hakuwa amefurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa na kupewa siku hiyohiyo, na hajui aanze kuhesabu wapi. "Andika Feisal Nurdini, mtoto wake. Namba ya simu unayo."

Daktari Zuhra akaandika, akakusanya vitu vyake, akatoka taratibu akawaachia chumba.

Feisal hakukaa. Alizunguka meza, akasimama, akazunguka. "Katika nakala zako mbili, kwangu hakuna hata moja," alisema. "Majibu nimeyakagua mwenyewe. Nimerudia kukagua."

"Nilikwambia."

"Miaka yote hiyo, mama. Nilikuwa nagonga vidole kitandani kama mwendawazimu. Nimemtesa Yasmini. Ungenambia."

"Nilidhani nimekunywesha."

Hapo alisimama. Alimtazama, akaelewa lile swali la maziwa, na jibu alilolitoa na mdomo umejaa wali. Akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakagusana, na goti la Bi Sabra likawa linampigapiga la kwake naye asilisogeze.

"Nilisema si kitu," alisema.

"Ulisema mara mbili."

"Nilikuwa naongelea ugonjwa."

"Mimi sikuwa naongelea ugonjwa."

Nje mtu alikuwa anaita jina la mgonjwa, na mgonjwa haitiki.

"Nieleze Waride," Feisal alisema. "Nieleze kweli. Usinitanie."

Bi Sabra akashusha pumzi ndefu. Alikuwa na majibu mengi tayari, mengine aliyatunga njiani, ya kuchekesha yote. Aliyapita moja baada ya jingine.

"Alikuwa mrefu," alisema. "Miguu yako hiyo ni yake. Alikuwa akicheka anaweka mkono mdomoni, na wewe ulikuwa ukifanya hivyo mdogo, nikakukataza. Nilikupiga kwa hilo, nikasema si tabia ya kiume. Haikuwa hivyo. Nilikuwa namwona yeye."

Feisal aliinamisha kichwa.

"Alikuwa mzuri, Feisal. Mzuri kuliko mimi, na baba yako alijua, na mimi nilijua, na yeye hakunionyesha hata siku moja kwamba anajua. Alipokuwa anakufa aliniomba nikutazame. Sikumjibu, nilikuwa bado nimemnunia." Mkono wake ukaruka, ukaangukia bega la Feisal, ukakaa hapo. "Ila wali alikuwa anaunguza. Hilo nalo andika."

"Mama."

"Umesema nikueleze kweli. Aliunguza, akaupindua juu chini kwenye sinia ili tusione. Nurdini akala, akasifu. Na kuna siku tulikwenda naye kuvua kaa, mimi na yeye tu, sijui nilikubalije..."

Feisal akasogeza kiti karibu zaidi.